Sanduku la Kifuniko cha Buluu: shajara ya mwangalizi, Kenya, Agosti 2022

Jumatano, 3 Agosti. Tanga, Dar es Salaam, Nairobi

Kutoka Tanga kwenda Mombasa kwa kupitia Horohoro ni safari ya nusu siku. Ukiondoka na basi la alfajiri, adhuhuri unakula Mwembe Tayari. Mimi nakwenda Mombasa kwa kuzungukia Dar na Nairobi, na nitafika siku ya nne. Ndivyo zilivyo kazi za Jumuiya: kwanza mkusanywe, mfundwe, mvishwe vizibao, ndipo mtumwe.

Barua ya kwenda kuangalia uchaguzi mkuu wa Kenya ilinifikia kupitia asasi yetu. Mlolongo wenyewe ni huu. Tume ya uchaguzi ya Kenya, IEBC, inaialika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sekretarieti ya Arusha inaziandikia nchi wanachama zilete majina, na majina yanatoka kwenye tume za uchaguzi, tume za haki za binadamu, wizara zinazoshughulikia mambo ya Jumuiya, Bunge la Afrika Mashariki na asasi za kiraia kama yetu. Nchi moja tu haitoi mtu, nayo ni ile yenye uchaguzi. Katibu Mkuu wa Jumuiya, Peter Mathuki, ni Mkenya, lakini kwenye orodha ya wanaokwenda vituoni hakuna Mkenya hata mmoja. Safari hii Wakongo nao ni wenzetu. Nchi yao imesaini mkataba wa kujiunga mwezi Aprili tu, kwa hiyo huu ni uchaguzi mkuu wa kwanza wa Kenya tangu Jumuiya ifike wanachama saba.

Kwetu Tanzania Tume hutuita watu wa kazi hii "watazamaji". Kenya wanasema "waangalizi". Nimelitafuna hilo ndani ya ndege. Mtazamaji huangalia mpira akaenda zake nyumbani. Mwangalizi kaachiwa mtoto wa watu.

Alhamisi, 4 Agosti. Nairobi

Kifungua kinywa hotelini ni maonyesho ya vizibao. Kuna watu wa Umoja wa Afrika, ambao safari hii wameungana na COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, chini ya Ernest Bai Koroma, rais mstaafu wa Sierra Leone. Kuna IGAD, shirika la nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, ambao kiongozi wao ni Mulatu Teshome wa Ethiopia. Jumuiya ya Madola wamekuja na Bruce Golding, aliyekuwa waziri mkuu wa Jamaika. Umoja wa Ulaya wapo pia, na hao kawaida yao ni kupeleka watu mashambani wiki nyingi kabla. Sisi wa mashirika ya kanda wengi wetu huja siku chache kabla ya kura na kuondoka siku chache baadaye. Sababu ni fedha, kila mtu anajua na hakuna anayeisema wakati wa chai.

Wetu anayeongoza ni Rais mstaafu Jakaya Kikwete. Nimeona wahudumu wa Kikenya wakinong'onezana alipopita ukumbini. Februari 2008, nchi ikiwa inaungua baada ya uchaguzi uliobishaniwa, alikuja Nairobi akiwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika kusaidia mazungumzo ya Kofi Annan, na tarehe 28 Rais Kibaki na mpinzani wake Raila wakatia saini makubaliano. Kumpata kiongozi wa ujumbe ni nusu ya kazi yote. Sisi wengine tunajaza fomu. Yeye anatakiwa awe mtu ambaye usiku wa manane simu yake inapokelewa na pande zote mbili. Siku mambo yakiharibika, fomu zangu hazitamsaidia mtu.

Ijumaa, 5 Agosti. Nairobi

Siku nzima ya mafunzo. Nani anaruhusiwa kuingia kituoni, fomu ipi ni ipi, sheria ya msaada kwa mpigakura asiyeona. Kitambulisho cha IEBC tumepewa, kina picha yangu mbaya kuliko ya pasipoti.

Kanuni za maadili tumezisoma kwa sauti. Huvai rangi ya chama. Huulizi mtu kampigia nani. Ukiona kasoro humwelekezi msimamizi, unaandika. Mwandishi wa habari akikuuliza, unamwelekeza kwa kiongozi wa ujumbe. Mengi ya haya yanatoka katika Azimio la 2005 lililotiwa saini Umoja wa Mataifa, New York, ambalo karibu mashirika yote ya uangalizi yanalifuata.

Ila kilichojaa chumbani leo ni 2017. Mwaka ule waangalizi walikuwa wengi na wenye majina: Mbeki kwa Umoja wa Afrika, John Kerry kwa Carter Center, Profesa Rugumayo wa Uganda kwa Jumuiya yetu. Wakasifu upigaji kura. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa rais, kwa sababu ya yaliyotokea kwenye kujumlisha na kusafirisha matokeo. Wakenya hawajasahau. Mtu akisema "waangalizi" Nairobi, mwingine hucheka kidogo puani.

Kwa hiyo mkufunzi hatukuruhusu hata kwa mzaha kutamka "huru na haki". Tunaandika tulichokiona, wapi, saa ngapi. Nilimpenda kwa hilo. Neno "huru na haki" ni kama kumpa mgeni cheti cha ndoa wakati umeona harusi kwa dirishani.

Mwenzangu wa jozi ni kijana wa Burundi, mwanasheria. Kila jozi lazima iwe ya nchi mbili. Ananiita Dada, na Kiswahili chake kina Kifaransa kwa mbali, kama iliki kwenye chai. Nikamtania kwamba mwaka 2020 Burundi iliwaambia waangalizi wa Jumuiya kuwa wakifika watakaa karantini siku 14 kwa ajili ya korona, na hawakwenda. Akacheka, akanirudishia: Oktoba mwaka huohuo, ujumbe wa Jumuiya kwenye uchaguzi wetu uliongozwa na rais mstaafu wa kwao, Sylvestre Ntibantunganya. "Mlituonaje?" nikamuuliza. Akanyamaza kidogo. "Dada, soma ripoti."

Mwosha huoshwa. Watu waliomo chumbani humu, kila mmoja ana uchaguzi wa kwao ambao hangependa uulizwe sana. Nadhani ndiyo maana tunaandika kwa adabu mno. Nadhani pia ndiyo maana tunajua pa kuchungulia.

Jumamosi, 6 Agosti. Nairobi hadi Mombasa

Kilomita karibu 480 kwa gari. Dereva wetu ni mzee wa Kisauni, amepita sitini, tunamwita Mzee naye ananiita mwanangu. Redioni ni mikutano ya mwisho: Azimio ya Raila uwanja wa Kasarani, Kenya Kwanza ya Ruto uwanja wa Nyayo. Jioni kampeni zinafungwa kwa sheria, saa 48 kabla ya siku ya kura.

Tulisimama Mtito Andei kwa chai. Kijana muuza njugu akasoma mgongo wa kizibao changu herufi kwa herufi, kisha akaniuliza, "Mnalipwa kuangalia tu?" Mrundi akakohoa. Mimi nikanunua njugu.

Mzee haongei siasa za rais. Lake ni la ugavana. "Rais ni wa mbali, mwanangu. Gavana ndiye mwenye hospitali na taka za mtaani kwangu." Kalishika hilo kutoka Voi hadi Mariakani.

Jumapili, 7 Agosti. Mombasa

Mikutano: ofisi ya Tume ya kaunti, polisi, vyama, asasi. Kila mtu ametuambia yuko tayari.

Wa maana kwangu walikuwa waangalizi wa ndani. Mtandao wa ELOG unafanya kitu ambacho sisi wageni hatuwezi: wanachagua vituo 1,000 kwa sampuli ya kitaalamu nchi nzima, mtu wao anakaa kituo kimoja tangu asubuhi hadi kura zihesabiwe, wanajumlisha namba zao pembeni. Sisi tunakimbia kituo hadi kituo, dakika thelathini hapa, ishirini pale. Vituo vya Kenya ni 46,229. Ukituchukua sisi sote wa vizibao vya kila rangi, bado hatufiki popote. Dada mmoja wa asasi ya Likoni alinipa namba yake ya simu, akasema, "Mkiondoka sisi tutakuwapo."

Jumatatu, 8 Agosti. Mombasa

Asubuhi tumeangalia vifaa vikipakiwa: masanduku, vibanda vya karatasi ngumu, mashine za KIEMS za kumtambua mpigakura na kutuma matokeo. Masanduku ni sita kwa kila kituo, kila kifuniko na rangi yake. Nyeupe ni rais, buluu gavana, njano seneta, kijani mbunge, zambarau mwakilishi wa wanawake, na ile ya udongoudongo ni mwakilishi wa wadi.

Kisha habari ikaja. Mwenyekiti wa Tume, Wafula Chebukati, ametangaza kwamba kura ya ugavana Mombasa na Kakamega imeahirishwa, kwani karatasi zake zina kasoro kwenye picha na maelezo ya wagombea. Karatasi zimechapwa Ugiriki. Kuzirudia usiku mmoja hakuwezekani.

Mzee aliisikia redioni tukiwa daraja la Nyali. Hakusema kitu mpaka tulipofika hotelini. Akazima gari, akakaa. "Basi kesho nitampigia nani?"

Mrundi alifungua orodha ya maswali kwenye kishikwambi kutafuta pa kuandika jambo hili. Hapakuwa na pa kuandika. Tukaliweka kwenye "Maoni mengine", nafasi ya mistari minne.

Jumanne, 9 Agosti. Siku ya kura

Saa kumi alfajiri tumeamka. Saa kumi na moja na nusu tuko shule moja ya msingi Kisauni, watu wamepanga foleni tangu usiku, kina mama na leso mabegani, vijana na simu. Mzee tumemwachia apige kura yake kwanza. Ni kituo chake, tulikichagua kwa makusudi, Mungu atusamehe.

Kufungua kituo ni ibada. Msimamizi anainua sanduku tupu, analigeuza, anawaonyesha mawakala ndani. Anafunga lakiri, anasoma namba, mawakala wanaandika kwenye madaftari yao ya shule. Sanduku la pili, la tatu. Yalipofika matano akasimama. La buluu lilikuwa limesukumwa ukutani, chini ya ubao wenye hesabu za darasa la nne. Wakala mmoja akauliza kama nalo lifungwe lakiri. Msimamizi, binti wa miaka thelathini hivi, akafikiri, akasema liachwe wazi lionekane tupu siku nzima. Hilo halikuwa kwenye mafunzo yetu, wala nadhani halikuwa kwenye yake. Nikaliandika kwa wino, kwenye daftari langu mwenyewe.

Saa kumi na mbili kamili mtu wa kwanza akaingia.

Kituo cha tatu, mvuvi mmoja mtu mzima. Mashine inataka kidole, anaweka, inakataa. Kingine, inakataa. Mikono ile imevuta nyavu miaka arobaini, alama zimelika kama ngazi ya zamani. Karani akamfuta vidole kwa kitambaa, akajaribu tena vyote. Foleni ikaanza kunung'unika. Mwishowe akaingiza namba ya kitambulisho, uso wa mvuvi ukatokea kwenye skrini, akaugeuzia mawakala, wakakubali, akajaziwa fomu. Dakika kumi na moja. Nchi nyingine mtu huyu angerudishwa nyumbani. Mahali pengine leo, Kakamega na Makueni, mashine zimegoma vituo vizima na Tume imeruhusu daftari la karatasi. Hilo tumelisikia redioni, kwetu halikutokea.

Kituo cha tano, Mvita. Bibi haoni vizuri. Anaruhusiwa kusaidiwa na mtu anayemtaka. Kabla hajafungua kinywa, mawakala wawili wa vyama viwili wamesimama kwa pamoja, kila mmoja anataka kumshika mkono Bibi. Msimamizi akawatazama tu. Bibi akasema, "Nyinyi kaeni. Mjukuu wangu yupo nje." Mjukuu akaja, akala kiapo, akajaza fomu. Mimi nilikuwa nimeuma ulimi tangu mwanzo. Kutosema ni kazi ngumu kwa mwanamke wa Tanga.

Mchana tukavuka Likoni kwa feri, gari letu limebanwa kati ya lori la saruji na mkokoteni wa madafu. Vituo vilikuwa vimepoa. Wino unakauka, makarani wanasinzia. Kila tulipouliza watu wako wapi, jibu lilirudi kwenye sanduku la buluu: gavana hayupo, watoke wa nini? Si sababu pekee, najua. Kukata tamaa kulikuwapo kabla ya karatasi za Ugiriki. Ila kwenye fomu kuna swali la utulivu wa kituo, na kituo kisicho na watu hupata alama nzuri sana za utulivu. Nilibofya "Vizuri sana" nikajiona mjinga.

Kishikwambi kikazima saa kumi. Kosa langu, sikukichaji usiku. Vituo viwili nimevijaza kwa karatasi.

Kufunga tulirudi Kisauni kwa yule binti. Saa kumi na moja jioni milango ikafungwa. Kura ya rais inahesabiwa kwanza. Taa ya darasani ni moja, wakawasha na tochi. Anaichukua karatasi, anaifungua, anatamka jina, anaizungusha polepole mbele ya mawakala kama mtu anayeonyesha kitambaa dukani. Raila. Ruto. Raila. Raila. Mara moja moja Wajackoyah, mgombea mwingine, na vijana dirishani wanacheka. Karatasi moja ilikuwa na alama katikati ya visanduku viwili. Wakabishana robo saa, wakala mmoja amesimama juu ya kiti. Ikawekwa na kura zilizokataliwa. Nimesimama kwa saa tatu kwenye kona, kando ya sanduku tupu, mkono nimeuegemeza juu yake bila kujua.

Waliopiga kura walikuwa chini ya nusu ya walioandikishwa.

Kisha fomu 34A, ya matokeo ya rais ya kituo. Mawakala wakatia saini. Binti akaipiga picha kwa KIEMS, akabonyeza kutuma, mtandao hakuna. Akatoka uwanjani ameinua mashine juu kama mtu anayetafuta upepo, mawakala wote nyuma yake, sisi nyuma ya mawakala, askari nyuma yetu. Karibu na choo cha wavulana ikatuma. Watu wakapiga makofi. Nakala nyingine akaibandika mlangoni, Mrundi akaipiga picha.

Jumatano, 10 Agosti. Mombasa

Vituo 11 tumeviona jana. Ripoti zimetumwa Nairobi, ambako timu ya wataalamu inazichanganya na za jozi nyingine na kuandika taarifa ya awali. Ni lazima itoke mapema, kabla matokeo hayajakamilika, ili isionekane imeandikwa kwa kumwangalia mshindi. Ni sababu nzuri. Pia ndilo shimo la 2017.

Safari hii Tume imezimwaga fomu zote za 34A kwenye mtandao, mtu yeyote afungue. Nchi imegeuka darasa la hesabu. Muuza mahamri ana simu na kikokotoo. Televisheni kila moja inajumlisha kivyake na namba hazifanani. Mimi nilitafuta fomu ya binti wa Kisauni, nikaiweka kando ya picha ya Mrundi. Mstari kwa mstari zililingana. Nilimpa Mzee simu aone. Akavaa miwani, akasoma jina la shule yake mara mbili.

Alhamisi, 11 Agosti. Barabarani

Taarifa imesomwa Nairobi sisi tukiwa karibu na Voi. Tumeisikia redioni vipande vipande kati ya malori. Nilikuwa nasikiliza kama kuna la mvuvi, la Bibi, la sanduku. Taarifa ya nchi nzima haina nafasi ya hayo. Kuahirishwa kwa baadhi ya chaguzi ni kijisehemu, na kila jozi inayo yake.

Ijumaa, 12 Agosti. Nairobi

Kikao cha kupeana taarifa. Jozi iliyokwenda bonde la ufa ina mambo yake, ya Kisumu ina yake. Nilisimama nikasema, swali la utulivu litenganishwe na swali la idadi ya watu, na siku nyingine wachache wetu wabaki hadi matokeo yatangazwe na mahakama imalize. Wakaandika. Mkufunzi akasema amelisikia hilo kila uchaguzi. Ripoti kamili hutoka miezi kadhaa baadaye na kupelekwa kwa wakubwa wa Jumuiya. Mrundi kanipa iliki ya kweli, pakiti, kwa utani wangu wa mafunzoni.

Jumatatu, 15 Agosti. Tanga

Nyumbani, mbele ya televisheni, watoto wa jirani wamejaa sebuleni. Ukumbi wa Bomas, Nairobi, ambako matokeo ya rais yanatangazwa. Viti vinarushwa, watu wanasukumana jukwaani, kisha Chebukati anasoma: Ruto 7,176,141, Raila 6,942,930. Wakati huohuo makamishna wanne kati ya saba wako hoteli nyingine wanasema hawayatambui matokeo hayo.

Kizibao changu nimekianika uani. Jirani kaniuliza, "Si wewe ulikuwa huko? Nani mkweli?" Nikamwambia nilikuwa Kisauni, Mvita na Likoni, vituo 11, na tarehe 9. Akaniangalia kama yule muuza njugu.

Jumatatu, 29 Agosti. Tanga

Kesi ya urais iko Mahakama ya Juu. Na leo, baada ya tarehe kusogezwa mara moja zaidi, Mombasa na Kakamega wanapiga kura ya gavana. Kutoka hapa nilipo ni mwendo wa nusu siku tu.

Saa nne asubuhi Mzee kanitumia picha: kidole chenye wino, nyuma yake mlango wa darasa ninaoujua. Halafu sauti: "Mwanangu, lile sanduku la buluu leo limefungwa lakiri. Yule binti ndiye msimamizi, anawasalimu. Anauliza, yule dada aliyekuwa akiliegemea yuko wapi?"

Nilikuwa sokoni Mgandini, nachagua nazi.